Nyama ya Posho, Sombe ya Nyumbani

Ukitaka kujua kwa nini ni vigumu kumshauri mtu wa Kolwezi, mji wa migodi wa Lualaba katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, apunguze nyama, anzia kwenye mshahara, usianzie jikoni. Katika mji huu nyama ilikuwa sehemu ya mkataba wa kazi. Kampuni ndiyo iliyoigawa, kampuni ndiyo iliyoamua kila familia ipate kiasi gani, na kampuni ilipoanguka, nyama ilitoweka sahanini pamoja na mshahara. Leo mtu akisimama mbele ya wazee wa mitaa yake kama Musonoi au Manika akawaeleza kwamba wataalamu wanashauri watu wale majani na kunde zaidi, wazee hao hawasikii habari ya afya. Wanasikia habari ya miaka ya njaa, miaka waliyoipitia wenyewe.

Sura hii ina jambo moja la kutetea. Watu wa ukanda wa shaba wa Lualaba hawahitaji kufundishwa kula mboga, maana jiko lao limesimama juu ya mboga tangu zamani. Wanachohitaji ni mboga irudishiwe heshima yake, na udongo inamoota urudishiwe usafi wake. Mambo hayo mawili yasipotangulia, wito wa kuacha nyama unakuwa dharau kwa watu ambao tayari wanakula nyama kidogo kuliko karibu watu wote duniani.

Kampuni iliyogawa nyama

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na miaka yake ya kwanza ilikuwa miaka ya vifo. Wafanyakazi waliletwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini, kutoka Kasai, na kuanzia 1925 kutoka Ruanda-Urundi. Makambi yalisongamana, chakula kilikuwa duni, nimonia na kuhara vikawamaliza vijana wa watu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadili mwendo. Badala ya kumwajiri kijana kwa miezi michache na kumrudisha kwao, ilimpa mkataba wa miaka 3, ikamtaka aje na mke, ikamjengea nyumba kambini. Daktari Léopold Mottoulle, aliyesimamia mambo ya wafanyakazi Waafrika, aliamini kwamba mtu anayelishwa vizuri, yeye na mkewe na watoto wake, ataipa kampuni kazi zaidi, na baadaye ataipa kizazi kingine cha wafanyakazi. Lishe ikaingizwa katika hesabu ya uzalishaji.

Hapo ndipo posho ilipopata uzito wake. Kolwezi, iliyoanzishwa mwaka 1937 kuwa makao ya migodi ya magharibi ya kampuni hiyo, ilizaliwa ndani ya utaratibu huo. Familia ilipokea unga, maharage, karanga, mafuta ya mawese, chumvi, na nyama au samaki. Mke alikuwa na fungu lake, na mtoto fungu lake. Watoto wadogo walilishwa katika kantini ya kampuni, wauguzi wakiwasimamia.

Nyama ya ng'ombe haikuwa kitu cha kawaida katika nchi hii. Misitu ya miombo ina mbung'o, na penye mbung'o ng'ombe hastawi. Wasanga, Walunda na Wakaonde walikuwa wakulima, wawindaji na wavuvi. Utajiri wao haukuhesabiwa kwa mifugo kama wa Wahima au Wamasai. Ili kulisha makambi, wakoloni walifungua ranchi kubwa juu ya nyanda za Biano, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, ambako baridi huwazuia mbung'o, na kampuni ya Elakat ikashughulikia ufugaji na uuzaji wa nyama. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya mapenzi ya watu wa Lualaba kwa nyama ya ng'ombe, tusidhani tunazungumza juu ya mila ya mababu. Ng'ombe alipandishwa Biano kwa sababu ya shaba, na wajukuu wakamkuta sahanini wakadhani alikuwepo siku zote.

Mwaka 1967 serikali ya Mobutu ilitaifisha migodi, na kampuni iliyokuja kuitwa Gécamines ikarithi kila kitu: nyumba, hospitali, shule na posho. Usemi uliozoeleka katika makambi ulikuwa kwamba kazi ndiyo baba, kazi ndiyo mama. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alichapisha mwaka 2001 kitabu juu ya familia za wafanyakazi hao, na jina la kitabu chake linawaita Bana Shaba, watoto wa shaba, walioachwa na baba yao. Hakutia chumvi. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, hapo hapo Kolwezi, uliporomoka. Katikati ya muongo huo uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 50,000. Mishahara ilichelewa miezi na miezi. Mnamo 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa hiari, uliogharimiwa na Benki ya Dunia.

Katika nyumba za makambi, anguko hilo lilionekana kwanza mezani. Nyama ya kila wiki ikawa ya mwisho wa mwezi, kisha ya Krismasi. Baba aliyezoea kuleta posho alikaa nyumbani, na mama akatoka kulima bondeni, kuuza mkaa, kuuza mboga kwa mafungu. Ni mboga za mama zilizowavusha watoto. Lakini hakuna aliyeziimbia sifa, kwa sababu kila jani lililoingia chunguni liliwakumbusha watu kilichokosekana.

Nyama kama ushahidi

Tangu hapo nyama imebaki kuwa ushahidi kwamba mambo yanakwenda. Tembea Kolwezi jioni uone. Mchimbaji mdogo aliyeuza magunia yake ya heterojeniti, mawe yenye kobalti, anapita kwenye baa, anaagiza michopo. Mchomaji anakata nyama ya mbuzi vipande vidogo, anaigeuza juu ya mkaa mpaka mafuta yaanze kutoa moshi, anaimwaga juu ya karatasi pamoja na vitunguu vibichi, chumvi na pilipili ya kusaga. Watu wanne wanakula kwa mikono kutoka karatasi moja. Yule anayelipa ameshuka shimoni bila kujua kama atapanda, na sasa amepanda. Michopo inawaambia wenzake hivyo. Ukimweleza wakati huo kuhusu asidi ya mkojo na maumivu ya jongo, unazungumza na mtu anayesherehekea kuwa hai.

Nyumbani pia nyama ina kazi isiyo ya tumbo. Mgeni wa heshima huchinjiwa kuku, na firigisi humwendea baba mwenye nyumba. Harusi isiyo na nyama huzungumzwa mtaani kwa miaka. Katika kilio, familia inayoshindwa kuwapa waombolezaji kitoweo huona haya hata kama kila mtu anajua hali yake. Nyama inapima cheo, shukrani, upatanisho. Mtu akiacha kuila kabisa, watu hawajiulizi amesoma nini. Wanajiuliza ana ugonjwa gani, au amefilisika lini, au ameingia dini gani.

Swali hilo la mwisho lina msingi. Katika Katanga yote, jimbo la zamani ambalo Lualaba ilikuwa sehemu yake, watu wa kwanza kusikika wakihubiri dhidi ya nyama kwa utaratibu walikuwa Waadventista, Wasabato kama wanavyoitwa. Kanisa hilo lina hospitali ya siku nyingi huko Songa, katika Haut-Lomami, na mafundisho yake ya afya yanatoka kwa Ellen White tangu miaka ya 1860. Muumini hali nguruwe, wala samaki asiye na magamba, na hiyo si sadaka ndogo katika nchi ambayo kambale ni kitoweo cha kila siku. Waumini wenye bidii huacha nyama yote, wakategemea maharage, soya na karanga. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Loma Linda, California, waliochunguza Waadventista zaidi ya 70,000 wa Amerika Kaskazini, waliripoti kwamba wasiokula nyama walikuwa na hatari ya kufa iliyo chini kwa asilimia 12 kuliko wanaokula, katika miaka ya uchunguzi. Matokeo hayo husomwa makanisani kwa furaha, na yanastahili kusomwa. Ila yalitoka kwa watu wenye friji zilizojaa, wanaochagua kila siku kati ya vyakula kumi.

Afrika ina mfano wake mkubwa zaidi. Wakristo wa Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia hufunga siku zipatazo 180 kwa mwaka, na katika siku hizo hawagusi nyama, maziwa wala mayai. Mamilioni ya watu, matajiri kwa maskini, wanakula dengu na mboga wakijiona wanamheshimu Mungu, na jiko lao la mfungo limekuwa maarufu duniani. Kinachowatofautisha na familia ya Kolwezi ya mwaka 1995 ni kwamba mfungo una mwisho unaojulikana na una heshima machoni pa jirani. Chakula kile kile cha majani kinaweza kumwinua mtu au kumdhalilisha, kutegemea nani ameamua akile.

Jiko lenyewe

Sasa tuingie jikoni. Chakula cha katikati ni bukari, unga wa mahindi ambao mara nyingi huchanganywa na wa muhogo. Pembeni yake kuna sombe (majani ya muhogo), lengalenga (mchicha), majani ya viazi vitamu, maharage, na kapenta, samaki wadogo waliokaushwa. Mwaka 2004 timu iliyoongozwa na Pierre Petit ilichapisha utafiti mzima juu ya ulaji wa Lubumbashi, ukiitwa Byakula, na yeyote aliyekulia katika ukanda huu ataona humo meza ya nyumbani kwao. Msitu nao unachangia. Mwanabotania François Malaisse, katika kitabu chake cha 1997 juu ya vyakula vya miombo, alikusanya orodha ndefu ya matunda, mizizi, asali, uyoga na wadudu wanaoliwa. Masika yakianza, kando ya barabara utaona wanawake wameshika uyoga wa vichuguuni ambao kofia yake inaweza kufikia mita moja kwa upana. Wanasayansi waliupa jina Termitomyces titanicus mwaka 1980. Watu wa hapa walikuwa wakiula muda mrefu kabla. Bishimu, viwavi wa miombo, wakikaushwa zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na vipimo hivyo vilifanywa Katanga yenyewe, vikachapishwa na Malaisse na Parent mwaka 1980.

Lakini chakula kinachostahili kutazamwa kwa karibu ni kikanda. Mizizi midogo ya okidi za mwituni, za jamii ya Disa, Satyrium na Habenaria, huchimbwa mbugani, ikaoshwa, ikamenywa, ikaanikwa na kutwangwa unga. Karanga nazo hutwangwa. Maji ya karanga yakichemka yanatiwa chumvi, pilipili na magadi au maji ya majivu, kisha unga wa okidi unamiminwa kidogo kidogo huku mwiko ukizunguka. Mchanganyiko unakuwa mzito na kuvutana, rangi inageuka kahawia. Halafu sufuria inawekwa mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko, mpaka kinachotoka kinaweza kukatwa kwa kisu vipande vinene. Ukikitafuna kina ushupavu na utamu wa soseji, ingawa hakuna mnyama aliyeguswa. Nchini Zambia, ambako wanakiita chikanda, watu wamekipachika jina la polony ya Kiafrika. Wakati viwanda vya Ulaya na Marekani vinatumia mabilioni ya dola kutafuta mmea unaolika kama nyama, mama wa Lualaba anaukata kwa kisu na kuuuza kipande kwa kipande kwenye beseni kando ya barabara.

Kikanda kinafundisha pia kwamba chakula kuwa cha mmea hakutoshi kukifanya kiwe salama kwa dunia. Kuchimba mzizi wa okidi ni kuua mmea, na okidi huchukua miaka kukua. Biashara ilipokua, wachuuzi walitoka Zambia wakafika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, na ilikadiriwa kwamba kati ya mizizi milioni 2 na milioni 4 ilikuwa ikichukuliwa kila mwaka. Hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya Kitulo, mahali panapoitwa Bustani ya Mungu, pafanywe hifadhi ya taifa mwaka 2005. Tofauti na nyama ya pori, ambayo imeliacha kundi la mwisho la pundamilia wa Kongo likihesabika ndani ya Hifadhi ya Upemba, okidi hupotea kimya na hakuna anayezihesabu. Swali la kumuuliza mlaji lisiishie kwenye nyama au mboga. Aulizwe chakula chake kimetoka ardhi gani, na kitapatikana mwaka ujao?

Nani apunguze

Mwaka 2019 tume ya EAT-Lancet, yenye wanasayansi 37 kutoka nchi 16, ilipendekeza mlo unaoweza kulisha dunia bila kuiharibu. Kwa nyama nyekundu walitaja wastani wa gramu 14 kwa siku, yaani chini ya gramu 100 kwa wiki. Watu wa Amerika Kaskazini, kwa hesabu ya tume hiyo, wanakula zaidi ya mara 6 ya kiwango hicho. Marekani kila mtu hupata zaidi ya kilo 100 za nyama za aina zote kwa mwaka. Kongo iko miongoni mwa nchi za mwisho kabisa, na hata ukijumlisha kuku, mbuzi na nyama ya pori, wastani haufiki kilo 10. Onyo la Shirika la Afya Duniani la Oktoba 2015, kwamba nyama za kusindika husababisha saratani ya utumbo, linawahusu wale wa Kolwezi wanaokula soseji kila asubuhi. Hao walisikilize, na mwenye shinikizo la damu au jongo alisikilize pia. Katika mji ambao fedha za migodi zimeongeza baa na migahawa, idadi yao si ndogo.

Lakini mtoto wa miaka miwili ni habari nyingine. Utafiti wa kitaifa wa 2013 na 2014 ulikuta asilimia 43 ya watoto wa Kongo walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Mtoto huyo akila bukari na mboga kidogo tu kila siku, tumbo linajaa huku mwili unakosa lisini, chuma, zinki na vitamini B12. Vitamini hiyo ya mwisho haipatikani katika mmea wowote kwa kiasi cha kutosha. Kongo ina funzo chungu juu ya jambo hili. Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli alieleza ugonjwa wa konzo huko Kwango, unaopooza miguu ghafla na bila tiba. Unawapata watu wanaoishi kwa muhogo mchungu usiotayarishwa vizuri na wanaokosa protini, kwa sababu mwili unahitaji salfa ya protini ili kuiondoa sumu ya saianidi. Waliopooza walikuwa watu wasiokula nyama, na hawakuchagua.

Kwa hiyo nasema wazi: mtoto wa Kolwezi anahitaji yai, kapenta na bishimu zaidi, si pungufu. Baba anayekula michopo mara tatu kwa wiki anaweza kuikata iwe mara moja, na fedha iliyobaki ikanunua mayai ya wanawe. Hakuna mwanamazingira mwenye akili atakayempinga.

Vumbi juu ya lengalenga

Mtu wa Brussels au Berlin anayejali tabianchi hufanya mambo mawili siku hizi: anapunguza nyama, na anafikiria gari la umeme. Betri ya gari hilo inahitaji kobalti, na karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, sehemu kubwa yake Lualaba. Anajitahidi sahani yake iwe safi, na kwa mkono mwingine anavuta madini kutoka chini ya bustani za watu wengine. Simlaumu kwa nia yake. Nataka ajue vumbi linaangukia wapi.

Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo vya wakazi wa Katanga. Waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka migodi na viwanda walikuwa na kobalti ya kiwango ambacho karibu hakijawahi kuripotiwa kwa watu wa kawaida popote duniani. Utafiti uliofuata, wa 2014, ulifuatilia njia inayopitia, na kwa watu wazima chakula, hasa mboga za hapo hapo, kilikuwa njia kubwa. Kwa watoto, vumbi. Mwaka 2018 timu hiyo iliripoti juu ya Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambao tangu 2014 watu walichimba kobalti chini ya sakafu za nyumba zao, na watoto ndio waliokutwa na viwango vya kutisha zaidi. Wataalamu wa kilimo wa Lubumbashi wamepima mboga za majani sokoni na kukuta madini yanayozidi viwango vinavyokubalika.

Fikiria maana yake kwa mama anayelima bondeni. Kiangazi, tangu Mei hadi Septemba, mvua hakuna, na mboga hustawi tu kwenye ardhi chepechepe kando ya mito. Mito ya Luilu na Musonoi ndiyo hiyo hiyo iliyopokea maji machafu ya migodi na viwanda kwa miongo mingi. Anamwagilia kwa ndoo, anachuma alfajiri, anafunga mafungu, anakwenda sokoni. Lengalenga yake ni mbichi, ya kijani, nzuri machoni, na mnunuzi hawezi kuona kilichomo. Februari 2025, ng'ambo ya mpaka huko Chambishi, Zambia, bwawa la taka za mgodi lilipasuka, tindikali ikaingia mtoni, samaki wakafa na mashamba yakaungua. Huko mboga zilikufa hadharani na dunia ikaona. Lualaba mboga zinaishi na zinauzwa, na kwa hiyo madhara yake ni magumu zaidi kushtakiwa.

Hapa ndipo ushauri wa kula mboga zaidi unapogongana na ukweli. Mwelimishaji wa afya anayesema "kuleni majani" katika mtaa ulio ukutani mwa kiwanda, bila kujua udongo una nini, anaweza kuwa anaongeza sumu. Kuosha mboga kunaondoa vumbi la juu, na kunafaa kufanywa kwa maji safi zaidi ya mara moja. Hakuondoi kilichonyonywa na mizizi.

Gharama ya maharage

Kuna kikwazo kingine ambacho wahubiri wa kunde hukisahau, nacho ni mkaa. Maharage makavu yasiyolowekwa hukaa juu ya mbabula, jiko la mkaa, saa 2 hadi 3. Kapenta huiva kwa dakika chache. Makala, yaani mkaa, inapopanda bei, mama anayepiga hesabu anaona kwamba kilo ya maharage ni rahisi dukani lakini ni ghali jikoni. Na kila gunia la mkaa ni miombo iliyokatwa, ile ile inayowapa watu uyoga na viwavi. Wakati huo huo, nyaya za umeme kutoka Nzilo na Nseke, mabwawa yaliyojengwa juu ya mto Lualaba katika miaka ya 1950 kwa ajili ya migodi, zinapita juu ya mapaa ya watu wanaopikia makala.

Wanawake wana mbinu zao: kuloweka maharage usiku kucha na kumwaga maji yake, kupika chungu kimoja cha siku mbili, jirani wawili kuchangia moto. Sombe nayo ina nidhamu yake. Majani machanga ya muhogo yanatwangwa kinuni mpaka yalainike kabisa, yanachemshwa muda mrefu bila kufunikwa ili sumu itoke na mvuke, ndipo yanatiwa mawese, kitunguu na karanga zilizosagwa. Mahindi yamepungukiwa lisini. Maharage yanayo tele. Karanga zinaleta mafuta na protini, majani yanaleta chuma na vitamini A. Sahani ya bukari, maharage na sombe ya karanga, pamoja na kapenta kiganja kimoja, ni mlo ambao tume ya EAT-Lancet ingeupitisha bila kurekebisha kitu. Bibi zetu waliufikia kwa kuonja, kwa karne nyingi.

Mlo huo unastahili kurudi mahali pa heshima. Uwekwe kwenye meza ya harusi, upakuliwe mbele ya mgeni pamoja na kuku wake, upikwe katika kantini za shule na za migodi, na hoteli za Kolwezi zinazoandika nyama za aina kumi kwenye menyu ziandike na kikanda. Kiongozi wa jimbo akila sombe hadharani kwenye sikukuu, atakuwa amefanya zaidi ya mabango mia ya afya.

Na fedha ya kusafisha mambo ipo. Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inalazimisha kila kampuni itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka, na inazipa serikali za mitaa asilimia 15 ya mrabaha wa madini, jimbo asilimia 25. Lualaba ndiyo kitovu cha shaba na kobalti ya Kongo. Sehemu ya fedha hizo ipime udongo wa kila bonde linalolimwa na matokeo yabandikwe sokoni kwa Kiswahili. Ichimbe visima vya kumwagilia mbali na mito iliyochafuka, iwahamishie wakulima kwenye ardhi safi wakiwa na hati mkononi, ifikishe umeme wa kupikia majumbani. Kampuni ziliwahi kumhesabia mfanyakazi nyama kwa gramu. Haziwezi kushindwa kuhesabu kobalti iliyomo katika fungu la lengalenga.

Anayetaka kuhubiri kupunguza nyama katika Lualaba aanzie kwenye lango la kampuni na kwenye ofisi ya jimbo, adai udongo safi na moto wa bei nafuu. Vikipatikana, watu wa Kolwezi watachagua wenyewe, wala hawatahitaji mhubiri. Visipopatikana, asimsumbue mama anayenunua robo kilo ya nyama mwisho wa mwezi, kwa kuwa huyo hana deni lolote kwa dunia.